Vumbi Lisemalo: Vinara Watano wa Vitovu vya Galaksi

Katikati ya baadhi ya galaksi kuna shimo jeusi linalomeza gesi. Kabla ya kumezwa, gesi hiyo huzunguka kwa kasi, hupata moto na kung'aa, pengine kuliko nyota zote za galaksi yake. Shimo lenyewe halitoi nuru. Habari zake huletwa na gesi na vumbi vilivyolizunguka.

Kinara wa kujificha: NGC 1068
Galaksi hii iko miaka ya nuru milioni 47 hivi kutoka kwetu. Mwaka 1985 wanaastronomia Robert Antonucci na Joseph Miller walionyesha kwamba kitovu chake kimezibwa na vumbi zito. Nuru yake hutufikia baada ya kugonga gesi iliyo juu na kugeuzwa njia. Mwaka 2004 darubini mbili za Paranal, Chile, ziliunganishwa zikalipima vumbi hilo. Sehemu ya nje ilikuwa na nyuzi 47 tu za Selsiasi, kama chai iliyoanza kupoa. Ya ndani ilizidi nyuzi 500.

Kinara wa maji: APM 08279+5255
Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kwasa hii, yaani kitovu cha galaksi king'aacho mno, imezungukwa na mvuke wa maji mara trilioni 140 ya maji ya bahari zote za Dunia. Hakuna hifadhi ya maji kubwa zaidi iliyokuwa imewahi kuonekana.

Kinara wa joho la vumbi: W2246-0526
Ilipotangazwa mwaka 2015, ndiyo iliyokuwa galaksi ang'avu kuliko zote zilizojulikana: zaidi ya Jua trilioni 300. Vumbi lake hunyonya nuru ya kitovu na kuitoa tena kama joto. Ni kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: moto huuoni, lakini ukisogeza kiganja unausikia.

Kinara wa ulafi: J0529-4351
Mwaka 2024 wanaastronomia walikadiria kwamba shimo jeusi la kwasa hii humeza takriban uzito wa Jua moja kila siku. Mng'ao wake ni wa Jua trilioni 500.

Kinara wa picha: M87
Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilioneshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la katikati ya galaksi hii, lenye uzito wa Jua bilioni 6.5. Itazame vizuri: kinachong'aa pale ni pete ya gesi. Weusi wa katikati tumeujua kwa sababu gesi imeuzungushia mpaka.