Bandari ya Mikindani na Maji Yake

Mtu atokaye Mtwara mjini kwa barabara ya Lindi, baada ya kilometa 10 hivi huiona Mikindani chini ya kilima, nyumba zimeizunguka ghuba kama watu waliokizunguka chakula. Jina lake, wasema wenyeji, latokana na mikinda, yaani minazi michanga. Majumba ya mawe yangaliko, ingawa mengine yamebaki kuta tupu. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, limetengenezwa likawa hoteli.

Je, bandari yenye sifa hizo ilikosaje meli? Hilo ndilo swali tulilopewa sisi wanafunzi wa Jiografia, na jibu lake hulipata yule angojaye maji yapwe.

Tulifika alfajiri, ghuba imejaa, majahazi yanayumba juu ya nanga zao. Kufika saa nne maji yalikuwa yamekwisha ondoka, na vyombo vimelala ubavu juu ya matope. Ilikuwa bamvua, ambayo huja mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, kwa sababu jua na mwezi huyavuta maji pamoja. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Jahazi halidhuriki kwa kulala; tena ndipo mafundi hupata nafasi ya kulikalafati. Lakini meli kubwa ya chuma yataka kina usiku na mchana. Kwa hiyo bandari ya meli ilijengwa Mtwara, penye maji marefu. Gati lake lilifunguliwa mwaka 1954, na ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa umekwisha vunjika! Mimi naona Mikindani haikupoteza sana.

Maji yalipopwa wanawake walishuka na ndoo na vijiti vya kuchokolea pweza. Baada ya kumwamkia bibi mmoja, nilimwuliza kama haoni uchungu meli kwenda Mtwara. Alicheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, meli hainipikii mchuzi."

Mchuzi wake watoka matopeni. Pembezoni mwa ghuba humea mikoko, na mizizi yake huzuia udongo usichukuliwe na mawimbi. Humo kamba na samaki wachanga hujificha, maana samaki wakubwa hawawezi kupenya. Lakini mikoko hutoa pia boriti na kuni nzuri, na mahali pengi tuliona visiki vitupu. Anayekata hupata fedha siku ile ile. Hasara humfikia mwingine, baadaye.

Bibi alisema alipokuwa msichana hakuwa na haja ya kwenda mbali. Siku ile alikwenda mpaka kwenye miamba ya nje, na saa saba maji yalipomrudisha, ndoo yake ilikuwa haijafika nusu.