Walimu wa Sekondari wa Marekani na Somo la Ulaya

Mafunzo kazini ni mafunzo anayopewa mwalimu ambaye tayari ana cheti na darasa lake, ili azidi kulimudu somo na mbinu za kulifundisha. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi humtaka mwalimu ajiendeleze ndipo leseni yake ihuishwe, mafunzo kuhusu Ulaya huandaliwa aghalabu na vyuo vikuu vyenye vituo vya taaluma za Ulaya, yaani vitengo vinavyochunguza kwa pamoja historia, siasa, uchumi na lugha za bara hilo. Chimbuko la vituo hivyo ni hofu: Umoja wa Kisovieti uliporusha setilaiti ya Sputnik mnamo Oktoba 1957, Bunge la Marekani lilijibu kwa Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1958, ambayo sehemu yake ya sita ilitenga fedha za kufundishia lugha na maeneo ya dunia, na ambayo matunda yake, ni vyema ikumbukwe, yamekifikia hata Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko.

Haja ya mafunzo haya inatokana na kalenda ya shule yenyewe. Kozi ya juu ya historia ya Ulaya inayosimamiwa na College Board, shirika la Marekani linaloandaa mitihani, huanzia takriban mwaka 1450 na mtihani wake hufanywa Mei, hivyo mwalimu aliyekawia kwenye Mapinduzi ya Ufaransa huupitia Umoja wa Ulaya mbiombio, pengine kwa kitabu kinachohesabu bado wanachama 28, ilhali Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020 zikabaki nchi 27.

Mihadhara peke yake haiponyi upungufu huo. Yenye tija zaidi ni maigizo ya kikao cha mawaziri wa Umoja wa Ulaya, ambamo kila mwalimu hushika nafasi ya nchi moja na kupiga kura kwa kanuni ya wingi wenye masharti: hoja hupita ikiungwa mkono na nchi zisizopungua 15 zenye angalau asilimia 65 ya wakazi wote wa Umoja. Walioshika Ujerumani, Ufaransa na Italia, ambazo kwa pamoja zina zaidi ya asilimia 40 ya wakazi hao, huenda wakadhani kwamba wakikataa, hoja imekufa. Kumbe kanuni inataka wapingaji wawe nchi nne au zaidi, na wakubwa hao watatu hulazimika kumbembeleza mwenzao mmoja, hata awe mdogo kama Malta. Mwalimu aliyeonja mabishano hayo hahitaji tena kukaririsha tarakimu.

Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba historia ya Umoja huo haikuishia kwenye fukwe za Ulaya. Mkataba ulioweka msingi wake, uliotiwa saini Roma tarehe 25 Machi 1957 na nchi sita, ulizihusisha pia Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi, zikiwa makoloni na maeneo yaliyo chini ya watia saini, bila wenyeji kuulizwa. Somo linaloruka jambo hili husimulia nusu ya habari tu.

Ili haya yote yafike darasani, saa za mwisho za mafunzo zinafaa zitumike kuandika andalio la somo litakalofundishwa wiki ileile, la sivyo mwalimu huondoka na saa za kuhuishia leseni tu.