Duka la Misumari Lililovuka Mipaka

Home Depot ya Marekani huuza misumari, mbao, rangi na mabomba. Waanzilishi wake, Bernard Marcus na Arthur Blank, walifukuzwa kazi katika kampuni nyingine mwaka 1978 (nao waliyaonja!), na mwaka 1979 wakafungua maduka mawili mjini Atlanta. Leo yamezidi 2,300.

Kuingia nchi za wenzao, njia yao kubwa ilikuwa kununua walichokikuta. Kanada walinunua asilimia 75 ya kampuni ya Aikenhead's mwaka 1994. Meksiko walinunua Total Home mwaka 2001. China, maduka 12 ya Home Way mwaka 2006. Lakini wakazi wa miji ya China huita fundi, hawashiki nyundo wenyewe. Faida ikakosekana. Mwaka 2012 maduka makubwa saba yaliyosalia yakafungwa, na wafanyakazi wapatao 850 wakapoteza kazi.

Sisi wa chama tunatazama hapo. Mwajiri ni mmoja, wafanyakazi wametawanyika duka kwa duka. Novemba 2022 duka moja la Philadelphia lilipiga kura ya kuunda chama: 51 walikubali, 165 walikataa. Maduka mengine hayakuwamo katika kura hiyo.