Baada ya saa nane: utata wa lugha katika maelekezo ya dawa

Sentensi "Meza tena baada ya saa nane" haina kosa la sarufi, lakini ina maana mbili. Ya kwanza: acha muda wa saa nane upite. Ya pili: subiri mpaka saa nane mchana ipite. Chanzo cha utata ni nomino yenyewe. Saa imo katika ngeli ya I-/ZI-, haibadiliki umbo katika wingi, na hutaja urefu wa muda pamoja na nukta ya wakati. Umbo masaa, ambalo walimu wengi hulikataa kuwa si sanifu, huondoa utata huo, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake katika mazungumzo.

Darasani utata huu ni zoezi la isimu; kwenye dirisha la dawa una uzito mwingine. Dawa mseto ya malaria, ALu, humezwa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha dawa hutolewa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa sita mchana anapaswa kumpa ya pili saa mbili usiku. Akielewa kwamba ameambiwa saa nane ya mchana, atampa baada ya saa mbili tu.

Kutwa nalo lina mtego wake. Neno hili hutaja kipindi cha tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ndiyo maana husemwa kutwa kucha, yaani mchana na usiku, na shule ya kutwa hutofautishwa na ya bweni. Kwa mhudumu wa afya, "kutwa mara tatu" ni dozi tatu ndani ya saa ishirini na nne. Msikilizaji anayelichukua neno kwa maana yake ya asili ana haki ya kuzimaliza zote tatu kabla ya magharibi.

Vikwazo huongezeka pale Kiswahili kisipokuwa lugha ya kwanza. Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ni nchi ya Waha, na Kiha ndiyo lugha ya nyumbani. Ng'ambo ya mpaka, Warundi huzungumza Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha. Maelfu ya wakimbizi waliokimbia Burundi kuanzia mwaka 2015 walihifadhiwa Mtendeli wilayani Kakonko na Nduta wilayani Kibondo. Huko Nyarugusu, wilayani Kasulu, wamo pia Wakongo wenye Kiswahili chao.

Muuguzi aliyetoka mkoa mwingine anaweza kujifunza maneno machache ya Kirundi kwa nia njema, akajikwaa kwenye ejo. Neno hilo hutaja jana na pia kesho. Njeo ya kitenzi ndiyo huamua. Likitamkwa peke yake, bila kitenzi, halimwambii mgonjwa siku ya kurudi kliniki. Hivyo, orodha ya msamiati haitoshi. Mkalimani anahitaji sentensi nzima.

Kwa mwandishi au mfasiri wa maelekezo ya dawa, matumizi yafuatayo yanafaa:

– Badala ya "baada ya saa nane", andika "zikipita saa nane tangu dozi ya kwanza", kisha utaje wakati wenyewe: "yaani saa mbili usiku".
– Badala ya "kutwa mara tatu", andika "asubuhi, mchana na usiku", au taja saa zenyewe pale dawa inapohitaji nafasi sawa.
– Usiandike 8:00 peke yake. Wapo watakaoisoma saa nane. Andika "saa mbili asubuhi".
– Taja siku kwa jina: "rudi Alhamisi".

Hatimaye, swali "Umeelewa?" halipimi uelewa. Mgonjwa mwenye adabu mbele ya mhudumu hujibu "ndiyo". Swali linalopima ni hili: "Mama, ukifika nyumbani, bibi yake mtoto akikuuliza dawa hii inatolewaje, utamwambiaje?" Jibu likipotoka, kilichohitaji kurekebishwa ni maelezo, na mgonjwa bado yupo kuyasikia upya.