Je, Wajua? Kutoka Gety hadi Miji Yenye Kuta

Je, wajua kwamba nyumba ya magurudumu inayotajwa kuwa ya kwanza kuundwa kwa matembezi ya starehe haikuwa na mtambo hata mmoja? Iliundwa Bristol, Uingereza, mwaka 1885, kwa ajili ya daktari na mwandishi Gordon Stables. Aliiita The Wanderer, na ilikokotwa na farasi. Siku hizi wastaafu wa Ulaya hununua gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo, wakashuka nalo kusini kutazama miji ya kale iliyozungushiwa kuta.

Je, wajua kwamba wakifika, gari lenyewe kwa kawaida hubaki nje? Milango ile ilikatwa kwa kipimo cha punda na mikokoteni.

Monteriggioni, Italia: ukuta wa mita 570 hivi, minara 14. Unauzunguka wote kabla chai haijapoa. Dubrovnik, Kroatia: mita 1,940. Carcassonne, Ufaransa, una minara 52, na nusura usiwepo kabisa: katikati ya karne ya 19 serikali iliamua kuubomoa, wenyeji wakapiga kelele, na kuanzia 1853 fundi mkuu Viollet-le-Duc akaanza kuukarabati. Aliivika minara mapaa yaliyochongoka kama ya kaskazini. Watu wa kusini wanamlaumu mpaka leo, na mimi naona wana haki.

Majira ya joto ya Ulaya, saa ya Carcassonne na saa ya Bunia husoma sawasawa. Lakini gari letu linaondoka Gety, hapa kwetu Ituri, kuelekea mashariki, kwa kuwa kuta ziko huko pia.

Hata Ituri yenyewe. Je, wajua kwamba Desemba 1887 Henry Morton Stanley alisimama juu ya ziwa letu la Albert akiwa amekwama kwa kukosa mtumbwi? Alikuwa amekuja kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, na msafara wake ulibebwa na wapagazi wengi waliotoka Zanzibar. Mashua ya chuma alikuwa nayo, iitwayo Advance, yenye vipande 12 vya kubebwa mabegani, ila alikuwa ameiacha nyuma msituni, Ipoto. Basi wakarudi nyuma. Mwanzoni mwa 1888 wakajenga ndani ya msitu wa Ituri boma la miti waliloliita Fort Bodo, wakapanda mahindi, na vipande vya mashua vikafuatwa Ipoto. Aprili, Advance iliteremshwa majini. Vitabu vinamtaja Stanley. Mabega yalikuwa ya wengine. Boma lenyewe lilikuwa la magogo, na magogo huoza.

Je, wajua pa kubadilishia mkono? Kongo tunaendesha kulia, Uganda kushoto. Ukipita Mahagi na kuingia Goli unahamia upande wa pili wa barabara na unapeleka saa mbele kwa saa moja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini bariere na potopoto hazijui tarehe hiyo. Bima ya kuvukia mipaka ni kadi ya njano ya COMESA.

Je, wajua kwamba Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga nchini Uganda, inazishinda zote tatu za Ulaya nilizotaja kwa urefu? Mahandaki na matuta yake yakiunganishwa hupita kilomita 10. Hakuna saruji wala tofali: ni udongo uliochimbwa ukarundikwa, na mahali pengine handaki limekatwa kwenye mwamba. Watafiti huiweka kati ya karne ya 14 na ya 16. Masimulizi ya wenyeji yanasema ni kazi ya Wachwezi, na kwamba Mugenyi alikuwa mkuu aliyempenda kupita kiasi ng'ombe wake, Bihogo. Usitegemee minara. Asiyeelezwa na mwenyeji ataona mifereji yenye nyasi tu na kulalamika kwamba amepoteza mafuta.

Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, Kenya: mawe matupu yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kwenda juu hadi mita 4.2. Ukuta huo una karne tano hivi na bado umesimama. Malango yamefanywa mafupi, hivyo adui aliingia ameinama, kichwa mbele. UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Halafu pwani, Gedi, karibu na Watamu. Hapa ndipo ningelaza gari siku nyingi. Kuta za mawe ya matumbawe, msikiti mkuu, jumba la mtawala, kaburi lenye tarehe ya Kiislamu inayolingana na 1399. Je, wajua kwamba nyumba zake zilikuwa na vyoo vya ndani? James Kirkman alichimba hapo kuanzia 1948, na nyumba kadhaa zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Bakuli la Kaure. Kaure ya China ilifika kwa njia ile ile ya bahari ambayo mwaka 1415 ilimpeleka twiga kutoka Malindi hadi kwa mfalme Yongle. Twiga huyo, kwa ukoo, ni ndugu wa okapi wetu wa Epulu.

Kwa nini watu waliondoka Gedi mwanzoni mwa karne ya 17? Wapo wanaotaja mashambulizi, wapo wanaotaja visima vilivyokauka. Visima vilivyochimbwa zaidi kwenda chini vinawapa nguvu hawa wa pili. UNESCO iliiandika Gedi mwaka 2024.

Na je, wajua kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, kilomita 16 tu kutoka kwenye kuta hizo, na katika maandishi yao yanayojulikana hawakuutaja mji huo waziwazi hata mara moja?