Mipigo Miwili na Neno "Mafuta": Utunzaji wa Skuta Ndogo Bomeni

Utangulizi

Bomeni ni wadi iliyo katika mji wa Taveta, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Hapo, kama katika miji mingi ya Afrika Mashariki, pikipiki za bodaboda ni tegemeo la wasafiri, na nyingi huendeshwa kwa injini ya mipigo minne. Skuta ndogo ya mipigo miwili ni jamii nyingine. Mwendeshaji anayeitunza kama bodaboda huiua kwa mkono wake mwenyewe. Makala haya yananuia kueleza sababu, na kuonyesha jinsi neno moja la Kiswahili linavyoweza kuchangia kifo hicho.

Injini inavyofanya kazi

Skuta iliyopata sifa zaidi ni Vespa, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946. Jina hilo kwa Kiitaliano ni nyigu. Mjini Unguja chombo hicho kimezoeleka hata jina lake limekuwa la kawaida kinywani mwa watu, sawa na "pikipiki" na "tukutuku" yanayoiga mlio wa chombo.

Ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Inapopanda, juu yake hukandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa, na papo hapo chini yake huvuta mchanganyiko mwingine kutoka kwenye kabureta hadi chumba cha kranki. Ikikaribia kileleni, plagi hutoa cheche. Moto huisukuma pistoni chini. Lango la ekzosi hufunguka, moshi hutoka, na mchanganyiko uliokuwa chini hupita kwenye njia yake na kuingia silindani. Hivyo ndivyo kila mzunguko mmoja wa kranki unavyokuwa na mwako wake. Katika injini ya mipigo minne, mwako mmoja huhitaji mizunguko miwili.

Tofauti kubwa inatokana na chumba hicho cha kranki. Kwa kuwa petroli hupitia humo, hakiwezi kuwa hodhi la oili. Oili inayolainisha pistoni, ringi na beringi huingia pamoja na petroli, kisha huungua. Kwenye skuta nyingi za zamani mwenye chombo huichanganya mwenyewe.

Utata wa "mafuta"

Hapa ndipo mwanaisimu anapokutana na fundi. Neno "mafuta" ni la maana nyingi: mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, petroli, na hata kilainishi cha mashine. Fundi akiuliza, "Imetiwa mafuta?" naye mwendeshaji akajibu, "Imetiwa," wote wawili wamesema kweli, lakini huenda kila mmoja anazungumzia kitu chake. Petroli tupu ikitumika, pistoni hupata joto, huvimba na kukwama silindani. Mafundi husema injini "imenoki".

Gereji zimelitatua tatizo hili kwa neno la mkopo, "oili". Msafishaji wa lugha anayetaka neno hilo lifutwe na nafasi yake ichukuliwe na "mafuta" humrudishia mwendeshaji utata uleule. Mkopo huo haukuja kwa uvivu. Una kazi ya kutenganisha dhana.

Utunzaji

Kwanza, kipimo. Injini nyingi za baadaye hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili yenye alama ya 2T: lita 5 kwa mililita 100. Nyingine za kale hutaka 20 kwa 1, yaani lita 5 kwa mililita 250. Kipimo cha mtengenezaji ndicho kinachofuatwa. Skuta iliyolala siku nyingi hutikiswa kabla ya kuwashwa, ili mchanganyiko ulingane. Oili ya gia ni nyingine, na ina mahali pake.

Pili, plagi. Rangi ya kahawia ni dalili ya afya. Weusi wenye unyevu huashiria oili au petroli kuzidi. Weupe huashiria joto kali, pengine kwa sababu hewa inapenya mahali pasipostahili.

Tatu, vumbi. Kichujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara. Injini ya skuta imefunikwa, nayo hupozwa na feni. Mapezi ya silinda yakiziba kwa vumbi na oili, joto halina pa kutokea. Masizi ya ekzosi nayo hupunguza nguvu.

Nne, mteremko. Anayeshuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate akiwa amefunga mkono wa mafuta na kuacha gia imshikilie, injini huzunguka kwa kasi huku petroli ikipungua, na oili hupungua nayo. Inafaa afungue kidogo mara kwa mara, au akate klachi na kutumia breki kwa uangalifu.

Hitimisho

Usipoziba ufa utajenga ukuta: kikombe cha oili ni rahisi kuliko pistoni na silinda mpya, na kwa anayekula kwa skuta yake, siku za gereji ni siku za njaa. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi hupimwa pia kwa usalama wa anayeitumia. Kabla ya kuunda neno jipya mezani, ingefaa kusikiliza kwanza maneno yanayotumika chini ya mwembe wa fundi.