Waya wa laki tatu na nusu: muziki unanoga, au umeingizwa mjini?

Pale Sinza kuna mshikaji mmoja anajulikana kwa besi yake. Ikifika Jumamosi jioni akafungulia Msondo, sahani za jirani zinacheza zenyewe kabatini. Jina lake silitaji, maana haya yamemkuta ndani ya nyumba yake na shemeji yetu bado ana hasira.

Kisa ni waya. Siyo wa spika, hapana, ni waya wa umeme, ule unaotoka kwenye soketi ukaingia nyuma ya amplifaya. Alikuwa na ule mweusi wa kawaida, pacha wa waya wa kompyuta. Akatokea mtoto wa mjini akamuuzia mwingine, mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, plagi zinang'aa kidhahabu. Shilingi 350,000!

"Kaka, ukichomeka hii utasikia mpaka mpiga tumba anavyovuta pumzi," aliambiwa.

Usimcheke haraka, msomaji. Biashara hii ipo dunia nzima. Kampuni za Marekani kama Nordost na AudioQuest zinatengeneza nyaya za namna hii, na zipo zinazouzwa kwa maelfu ya dola. Wanunuzi wapo, watu na akili zao, na wanaapa kwamba sauti imebadilika.

Sasa tuulizane. Huo umeme umetoka kwenye nguzo, ukapita kwenye mita, ukazunguka ukutani kwenye waya aliouvuta fundi siku nyumba inajengwa. Mita na mita za waya wa kawaida! Halafu hiyo mita moja na nusu ya mwisho ndiyo iusafishe? Ni sawa na kuchota maji ya mtaro kwa kikombe cha dhahabu.

Tena muziki wenyewe haupiti kwenye waya huo. Umeme ukiingia kwenye amplifaya unakutana na transfoma, kisha dayodi zinaugeuza uende upande mmoja, kisha unajazwa kwenye kapasita, yale makopo makubwa unayoyaona ukifungua mfuniko. Hayo ni kama matangi ya maji juu ya paa. Besi ikigonga, amplifaya inachota humo.

Hesabu nayo haidanganyi. Amplifaya inayokula wati 460 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 2. Waya mwembamba wa kompyuta, wenye shaba ya milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita moja na nusu, unapoteza kama volti 0.16. Ule wa 2.5 unapoteza 0.05. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya volti. Hiyo hata mbwa hasikii.

Jamaa hakukubali. "Wewe masikio yako ya daladala," akanambia. Basi tukapimana. Yeye akakaa kwenye kochi akiangalia ukuta, amplifaya nyuma yake, sauti tumeiwekea alama isiguswe. Shemeji akawa anarusha sarafu: mwenge, waya mnene, ikilala upande wa pili, waya wa kompyuta. Mimi nazima, nachomoa, nachomeka, nawasha. Wimbo uleule, mara kumi.

Raundi ya tatu bwana karuka kwenye kochi: "Huo! Mnene huo! Besi inatambaa chini!" Ulikuwa wa kompyuta. Katika kumi akapata nne. Sarafu yenyewe ingeweza kumshinda.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana shemeji akauliza, "Kwani huu ulinunua shilingi ngapi vile?" Kumbe aliambiwa elfu thelathini. Na hela ilitoka kwenye bahasha ya pango la nyumba. Nikajifanya nachunguza spika.

Katika kujichunguzisha huko ndiyo nikaona jambo la maana. Mkebe wa eksitensheni nyuma ya kabati ulikuwa umeiva rangi ya kahawia. Amplifaya, friji, runinga na pasi, vyote humo humo! Plagi ya pasi ilikuwa ya pini mbili, tundu la juu limesokomezwa kalamu ili isimame. Nikaushika mkebe, wa moto. Watoto wawili wanalala chumba cha pili.

Fundi tuliyemwita akaja na mita yake. Saa mbili usiku ikasoma volti 196. Akauchomoa waya mnene akaurudisha wa kompyuta: 196 ileile. "Mzee, huyu anahitaji stabilaiza na soketi mpya," akasema, huku akichomoa kalamu kwa hasira. Na ule mlio wa "mmmm" uliokuwa unamsumbua jamaa? Waya wa kutoka kwenye deki ulikuwa umelala sambamba na waya wa umeme. Fundi akautenganisha, mlio ukapungua papo hapo. Bure kabisa.

Lakini tuwe wakweli, waya mbovu upo. Uliolegea kwenye plagi unakoroma na kuchemka. Mitaani zimejaa zenye mpira mnene na shaba kama nywele, nyingine hata waya wa ethi haumo. Huo utupe leo. Mzuri, wenye pini tatu na fyuzi yake, haufiki hata sehemu ya kumi ya laki tatu na nusu.

Soketi zimebadilishwa, friji imepata yake. Waya mnene umekunjwa juu ya kabati, na jamaa kanivuta pembeni juzi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, humjui mtu wa Masaki mwenye mziki mkubwa? Hata kwa laki na nusu namwachia."